Wakili Mwaminifu Hali Mtaji

Mfululizo: Uwakili wa Mkristo
Maandiko: Mwanzo 2:15, Kumbukumbu la Torati 22:6-7, Yakobo 1:27

Katika mfululizo huu tumezungumza juu ya pesa na wakati. Leo tutazame mali ambayo Mungu alimkabidhi Adamu kabla pesa haijakuwako, yaani bustani na viumbe vyake. Mfano wetu ni simbamarara, yule paka mkubwa wa Asia mwenye milia myeusi. Kila Julai 29 ni siku yake duniani. Najua kuna atakayeuliza, "Pastor, simbamarara wa India ananihusu nini, na mimi nina kodi ya nyumba?" Twende pamoja, utaona.

1. Mama ndege ni mtaji

Fungua Kumbukumbu 22:6-7. Mungu anamwambia Mwisraeli kwamba akikuta kiota njiani, makinda anaweza kuchukua, lakini mama amwache aende. Na agizo hilo dogo limefungwa na ahadi ya heri na maisha marefu! Mimi nilisomea biashara, na kila nikisoma hapo naona kanuni ile ile ya biashara: kula faida, usile mtaji. Mama mboga anaijua bila kuingia darasani. Siku atakapopika sukuma yote nyumbani na kutumia pesa za kununua nyingine, kesho hana cha kuweka mezani.

Sasa angalia. Miaka mia moja hivi iliyopita, inakadiriwa kulikuwa na simbamarara kama 100,000 porini. Kufikia 2010 walikuwa wamebaki kama 3,200. Misitu ilikatwa, swala wanaowategemea kwa chakula wakawindwa, na wao wenyewe wakauawa kwa ajili ya ngozi, na mifupa ya kutengenezea dawa. Kule Sariska, katika jimbo la Rajasthan nchini India, kulikuwa na hifadhi iliyotengwa kwa ajili yao. Hesabu rasmi zilisema wapo. Ukaguzi ulipofanywa mwaka 2005, hakupatikana hata mmoja. Majangili walikuwa wamewamaliza. Hifadhi ilikuwa na jina, mipaka na wafanyakazi, lakini mali yenyewe ilikuwa imekwisha. Wapendwa, mwenye mali akirudi hataulizia bango la langoni.

2. Kumtunza mmoja ni kutunza wengi

Simbamarara hula karibu mnyama mmoja mkubwa kila wiki. Kwa hiyo anahitaji swala wengi, na swala wanahitaji majani, na majani yanahitaji msitu na maji. Ukimlinda yeye, huna budi kulinda vyote hivyo. Ndiyo maana akiwepo na akizaa, ujue hata msitu una afya. Akitoweka, swala na nguruwe mwitu huongezeka, wakala miche, na mashamba ya jirani yakaumia.

Faida inafika hadi kwa mtu ambaye hatamwona maishani. Kati ya India na Bangladesh kuna msitu wa mikoko uitwao Sundarbans. Mikoko hiyo hupunguza nguvu ya mawimbi wakati wa vimbunga, na samaki huzaliana kwenye mizizi yake. Ndugu zetu wa Lamu na Kwale wanaelewa habari ya mikoko. Kule Sundarbans, ulinzi wa simbamarara umesaidia msitu huo kubaki umesimama.

3. Nani analipa gharama?

Hapa tusihubiri kwa urahisi. Msitu huo huo wa Sundarbans, wanaume huingia kuvua samaki na kurina asali, na wengine huuawa na simbamarara. Wake zao huitwa "wajane wa simbamarara", na wako waliotengwa na majirani wakidaiwa kuwa na mkosi. Yakobo 1:27 inatuambia dini safi huwaangalia wajane. Mtu akilinda mnyama na kumsahau mjane, amefanya nusu ya kazi. Nusu nyingine inamngoja.

Nepal walitunga sheria kwamba kati ya asilimia 30 na 50 ya mapato ya hifadhi zirudi kwa vijiji vinavyopakana nayo. Hiyo ni haki, maana anayebeba hasara ameonja pia faida. Mwaka 2009 Nepal ilihesabu simbamarara 121; mwaka 2022 walikuwa 355. Jirani akipata fungu lake, yeye mwenyewe anakuwa mlinzi.

Swali hili liko kwetu pia. Sisi hatuna simbamarara, lakini kuna familia Taita Taveta na Kajiado ambazo mazao yamekanyagwa na ndovu au ng'ombe wameliwa na simba. Sheria yetu ya 2013 inataja fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, na wengi wamengoja kwa miaka. Kanisa lisikae kimya.

4. Kilichopotea chaweza kurudishwa

Mwaka 2008 simbamarara walipelekwa tena Sariska kutoka hifadhi ya Ranthambore, na wa kwanza alisafirishwa kwa helikopta! Wamezaa, na leo kuna watoto na wajukuu. Duniani kote sasa wanakadiriwa kupita 5,000. Lakini ona gharama: kurudisha kilichoisha ni kazi ya miaka mingi. Kuacha mama ndege aende ni kazi ya dakika moja.

Ya kujadili katika kikundi cha nyumbani

1. Ni mtaji gani wa Mungu tunaoula hapa kwetu: mto, miti, au udongo?
2. Ni nani karibu nasi anayebeba hasara ili wengine wafaidike? Tutamfanyia nini mwezi huu?

Tuombe: Bwana, dunia ni yako. Tufundishe kulima na kutunza, na utupe macho ya kumwona jirani anayelipa gharama. Katika jina la Yesu, Amina.