Mwamuzi na Mchezaji Hodari: Somo la Haki Katika Mpira wa Kikapu

Utangulizi

Mwanachuo anayekwenda mazoezi ya kufundisha katika shule za Ufipa, iwe Sumbawanga mjini, Laela, Matai au Namanyere, hatakawia kukabidhiwa filimbi. Jioni, upepo baridi wa uwanda wa juu unapovuma, yeye ndiye atakayekuwa mwamuzi wa michezo. Nalo lalamiko atakalolisikia mapema ni hili: "Mwalimu, huyu anapendelewa kwa sababu ni hodari."

Mwandishi wa makala haya alilisikia alipokuwa akichagua timu ya mashindano ya UMITASHUMTA katika shule moja ya uwandani. Mvulana hodari kuliko wote alimpiga kumbo mwenzake walipokuwa wakigombea mpira chini ya kikapu. Nilipuliza filimbi, nikamwadhibu yule aliyeanguka. Hakubisha. Alijipangusa vumbi magotini, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hata ningesimama tu, kosa lingekuwa langu." Sikuwa na jibu. Kwa kweli sikuliona kumbo lenyewe. Nilidhani tu kwamba aliye dhaifu ndiye aliyekosa.

Je, lalamiko hili ni la kweli?

Mwalimu asikubali wala asikatae haraka. Tumchukue Wilt Chamberlain, mchezaji mashuhuri wa Marekani. Katika ligi yake mchezaji hutolewa nje akifikisha makosa 6. Katika sheria za kimataifa ni makosa 5. Chamberlain alicheza toka mwaka 1959 hadi 1973, mechi zaidi ya 1,000, asitolewe hata mara moja kwa kufikisha idadi hiyo. Mmoja atasema waamuzi walimwogopa. Mwingine atasema alijilinda, kwa kuwa timu ilimhitaji uwanjani. Hesabu ya makosa peke yake haiwezi kuwaamulia. Vivyo hivyo, mchezaji hodari hupata mitupo mingi ya adhabu, lakini pia ndiye anayeshika mpira mara nyingi na kukabwa na wengi.

Ili kupata ushahidi, yatupasa kulinganisha uamuzi na jambo lenyewe lilivyotokea. Watafiti wawili, Kim na King, walifanya hivyo katika mchezo wa besiboli, wakatangaza matokeo yao mwaka 2014. Katika mchezo huo mwamuzi huamua kama mpira uliorushwa umepita ndani ya eneo halali au nje yake, na kamera hupima mahali ulipopita hasa. Ilionekana kwamba mrushaji mwenye sifa kubwa alihesabiwa mpira halali hata ulipopita nje, mara nyingi zaidi kuliko mrushaji asiye na sifa. Basi jina la mtu laweza kumwelekeza mwamuzi upande mmoja, naye asijue.

Mpango wa somo

Darasa: la Sita. Muda: vipindi 2, kimoja uwanjani na kimoja darasani.

Shabaha: mwanafunzi aweze kutofautisha dhana na ushahidi, na kutumia asilimia kupima haki.

Zana: mpira, filimbi, madaftari na penseli. Pasipo na kikapu cha chuma, duara la fito juu ya nguzo latosha.

Hatua ya kwanza. Eleza kwa maneno machache makosa matatu: kusukuma, kushika na kupiga kumbo. Yaonyeshwe kwa vitendo.

Hatua ya pili. Timu mbili zicheze. Wanafunzi wanne wawe watazamaji. Wawili waandike kila kosa wanaloliona kwa macho yao, kila mmoja peke yake, bila kuangaliana. Wawili wengine waandike tu kila filimbi na mchezaji aliyeadhibiwa.

Hatua ya tatu. Darasani, hesabu ziandikwe ubaoni. Tuseme mchezaji A alikosa mara 10 na filimbi ikapulizwa mara 4. Mchezaji B alikosa mara 5 na filimbi ikapulizwa mara 4. Ukitazama filimbi tu, utasema wametendewa sawa. Ukitazama asilimia, A ameadhibiwa kwa 40, B kwa 80. Wanafunzi watambue wenyewe upungufu ulipo.

Hatua ya nne. Watazamaji wakitofautiana, usiwaamulie. Waulize kila mmoja alisimama wapi na aliona nini. Watazamaji nao ni binadamu, na mchezo mmoja hautoshi kumhukumu mtu. Zoezi lirudiwe kwa wiki kadhaa.

Mwalimu ajipime

Mwanachuo ataogopa kupimwa na watoto. Asiogope. James Naismith, aliyeubuni mchezo huu huko Springfield, Marekani, mwaka 1891, alikuwa mwalimu. Katika sheria zake 13 aliweka waamuzi wawili: mmoja wa kuangalia wachezaji na kuandika makosa, mwingine wa kuangalia mpira. Alijua kwamba jicho moja halitoshi.

Tena, kujua upungufu husaidia kuuondoa. Mwaka 2007 ilitangazwa habari ya utafiti ulioonyesha kwamba katika ligi ya Marekani wachezaji waliandikiwa makosa mengi zaidi kidogo waamuzi walipokuwa wa rangi tofauti na yao. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba, baada ya jambo hilo kujulikana sana, tofauti ile ilitoweka.

Filimbi ya uwanjani ina ndugu yake darasani, nayo ni kalamu nyekundu. Mtoto hodari akikosea, mara nyingi tunasema ameteleza. Mtoto dhaifu akipatia, tunashuku ameibia. Basi wanafunzi waandike namba badala ya majina katika majaribio. Weka orodha ya unaowauliza maswali. Pakiwa na kelele, usimwadhibu mtu kwa mazoea.

Siku iliyofuata nilisimama mbele ya timu, nikamwambia yule mvulana kwamba uamuzi wangu haukuwa sahihi. Yule hodari alikuwa akisikiliza, akainamisha kichwa. Alihitaji somo lile sawa na mwenzake, kwa kuwa mtoto anayesamehewa kila kosa hajui sheria, na siku atakapochezeshwa na mwamuzi mgeni atatolewa nje asijue sababu.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini idadi ya filimbi peke yake haithibitishi upendeleo?
2. Utafanyaje ikiwa asilimia za wanafunzi zinaonyesha kwamba wewe ndiye uliyependelea?
3. Taja shughuli mbili za shuleni, mbali na michezo, zinazoweza kupimwa kwa njia hii.