Nani Ana Kazi? Namna ya Kusoma Hesabu za Kazi



Mara nyingi tunasikia: "Vijana hawana kazi." Kiisha siku ingine mutu anasoma hesabu kwenye radio, kwamba wakosa kazi ni wachache. Nani anasema kweli? Pengine wote wawili, sababu hawatumii neno "kazi" kwa maana moja. Tujifunze basi, zaidi sisi tunaongojea diploma.

1. Makundi matatu

Shirika la Kazi la Ulimwengu, lenye makao yake Geneva, huhesabu watu wa miaka 15 na zaidi. Kila mutu anaingia katika kundi moja tu:

(a) Mwenye kazi: aliyefanya hata saa moja katika juma, kwa mushahara ao kwa faida.
(b) Mukosa kazi: hana kazi, anaitafuta, na yuko tayari kuianza. Vyote vitatu pamoja.
(c) Aliye inje: mwanafunzi asiyetafuta kazi, muzee, na yule aliyechoka kutafuta.

Kundi (a) na (b) pamoja, ndiyo nguvu ya kazi.

2. Mufano

Tuseme kijiji kina watu 100 wa miaka 15 na zaidi. Wenye kazi ni 54, wakosa kazi 6, walio inje 40. Nguvu ya kazi ni 54 + 6 = 60, ni kusema 60 kwa mia. Lakini wakosa kazi tunawagawanya kwa 60, si kwa 100: 6 kwa 60 ni 10 kwa mia.

Sasa vijana 3 kati ya wale 6 wanakata tamaa, wanabaki nyumbani. Nguvu ya kazi inakuwa 57, wakosa kazi 3, karibu 5 kwa mia. Ona basi! Hesabu imepunguka nusu, na hakuna hata mumoja aliyepata kazi.

3. Na mama zetu?

Kati ya wale 40 walio inje, tuseme 20 ni wamama wanaolima mihogo na maharagi ya kula nyumbani. Kwa kanuni ya mwaka 1982, kama shamba lililisha nyumba kwa sehemu kubwa, mama aliweza kuhesabiwa katika kundi (a). Mwaka 2013 wajuzi walikutana tena Geneva, wakabadilisha: kulima hasa kwa kula nyumbani ni kazi kweli, lakini haiingii katika kundi (a). Anayelima hasa kwa kuuzisha sokoni, yeye anaingia.

Kwa kanuni ya zamani kijiji chetu kina wenye kazi 74, nguvu ya kazi 80 kwa mia. Kwa kanuni mupya, 60. Jembe ni lile lile, jasho ni lile lile.

4. Saa moja

Tangu Octoba 2014 mauaji katika teritware ya Beni yamekimbiza watu wengi mashambani mwao. Mulimaji aliyekimbilia Butembo, akabeba muzigo sokoni saa moja tu kwa juma, yuko "mwenye kazi" sawa na mwalimu. Kwa hiyo hesabu hiyo peke yake haituambii kama watoto wake wamekula. Lazima kuuliza pia ni saa ngapi, na kwa feza gani.

5. Inchi yetu

Hesabu ya watu wote wa Kongo ilifanyika mwaka 1984. Kiisha pale, Institut National de la Statistique ilifanya uchunguzi unaoitwa 1-2-3, mwaka 2004-2005 na tena 2012. Sehemu ya kwanza ni juu ya kazi, ya pili juu ya biashara ndogo zisizoandikwa, ya tatu juu ya matumizi ya nyumba. Uchunguzi hauulizi kila nyumba, unachagua nyumba kadhaa.

Kwa hiyo, ndugu, ukisikia hesabu ya kazi, uliza mambo matatu: Wamehesabu nani? Wamemwacha nani inje? Wanaita nini kazi? Mutu asidharau hesabu, lakini asiimeze bila kutafuna.

Zoezi: Chukua watu wa nyumbani kwenu wa miaka 15 na zaidi. Weka kila mutu katika (a), (b) ao (c), kwa kanuni ya 1982, kiisha kwa ile ya 2013. Nani amehama?