Usiende Kliniki ya Mawe ya Figo Mikono Mitupu

Maumivu yameisha, umerudi kazini, na tarehe ya kliniki ndiyo hiyo imefika. Nenda. Jiwe linaweza kuziba njia ya mkojo bila kuuma tena, huku figo ikiharibika kimyakimya.

Kama jiwe limetoka, lipeleke likiwa kavu kwenye kichupa kisafi. Kama bado, chuja mkojo kwa chujio la chai (ambalo kuanzia leo halirudi jikoni). Aina ya jiwe hubadilisha tiba: la asidi ya yuriki huweza kuyeyushwa kwa dawa, la kalsiamu haliyeyuki.

Beba picha za zamani zenyewe, si ripoti tu. Daktari anataka kulinganisha. Jiwe la milimita 4 mara nyingi hutoka lenyewe. La milimita 10, mara chache. Uliza mapema kama altrasaundi inahitaji ufike na kibofu kimejaa.

Ukiambiwa ukusanye mkojo wa saa 24, tulia, maana hapa ndipo wengi huharibu. Chagua siku ambayo hutoki nyumbani. Ukiamka saa 12 asubuhi, mkojo wa kwanza umwage. Kuanzia hapo kila tone liingie kwenye chombo cha maabara, hadi ule wa saa 12 asubuhi ya kesho yake. Kojolea kwenye kopo safi, kisha mimina. Usikisuuze chombo chao. Huenda kina dawa ndani. Kiweke mahali pa baridi. Ukisahau hata mara moja, sema, upewe kingine.

Na siku hiyo usijifanye mtakatifu. Kula na kunywa kama ulivyozoea. Ukijaza tumbo maji ili upendeze, majibu yatamsifu mtu mwingine, si wewe.

Daktari akiuliza unakunywa maji kiasi gani, usijibu "mengi". Hesabu chupa zako siku mbili tatu kabla. Kinacholengwa ni mkojo wa lita 2.5 hivi kwa siku, kwa hiyo anayeendesha bodaboda kwenye jua la Dar es Salaam anahitaji maji mengi kuliko wa ofisini. Mwenye ugonjwa wa moyo, au ambaye figo zake zimeshindwa kazi, aulize kwanza kiwango chake.

Taja kila unachomeza: vidonge vya vitamini C, mitishamba, diklofenaki ya duka la dawa. Usione haya, ameshasikia makubwa zaidi. Chumvi punguza. Maziwa usiyaache kwa kusikia maneno ya mtaani, muulize yeye.

Uliwekewa stenti, ule mrija wa kupitisha mkojo? Usitoke kwa daktari bila tarehe ya kuitoa. Stenti iliyosahaulika huota mawe yake yenyewe.

Homa ikipanda pamoja na maumivu ya ubavu, au mkojo ukikatika, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.