Tochi ya Kuzamia Ikiingia Maji, Mdai Aliyekuuzia

Ndani ya MV Dania, meli iliyozamishwa kwa makusudi mwaka 2002 karibu na Mombasa ili iwe makao ya samaki, ni giza hata saa sita mchana. Mzamiaji anayechungulia humo, takriban mita 30 chini, anategemea tochi yake. Anayezamia usiku Watamu au Diani ndiye zaidi: tochi ikizima hamwoni mwenzake wala hawezi kumpa ishara. Kwa hiyo tochi iliyouzwa kuwa ya kuzamia, ikajaa maji wiki ya pili, inahatarisha maisha. Ukiirudisha, mara nyingi utajibiwa: "Hiyo waranti ni ya kampuni, waandikie huko ng'ambo."

Usiondoke na jibu hilo. Kadi ya waranti iliyomo kwenye boksi ni ahadi ya mtengenezaji, naye huiwekea masharti yake: muda fulani kwa tochi, pengine mfupi zaidi kwa betri, na mara nyingi risiti ya wakala anayemtambua. Ikikufaa, itumie. Lakini pesa ulimpa mwenye duka, na mkataba wako ni naye. Sheria ya Kenya ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012, kifungu cha 5, inamhesabu kuwa amekuhakikishia ubora wa kuridhisha, awe amesema hivyo au amenyamaza. Ibara ya 46 ya Katiba inakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili, na fidia ukipata hasara au ukiumia kwa sababu ya kasoro yake.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, inaongeza jambo ambalo wanunuzi wengi hulikosa kwa kutosema. Ukimweleza muuzaji unachotaka kukifanyia kitu, ukategemea ujuzi wake, na kuuza vitu hivyo ndiyo biashara yake, basi kitu hicho sharti kiifae kazi hiyo. Ukiingia dukani ukataja tu jina la kampuni na modeli, kinga hii ya kuifaa kazi inaweza kukuponyoka, ingawa sharti la ubora hubaki. Kwa hiyo sema wazi, tena ikiwezekana kwa WhatsApp ili maneno yabaki: "Nataka tochi ya kuzamia usiku hadi mita 30." Usiridhike na alama ya IPX8 peke yake. Inaonyesha tu kwamba kifaa kinastahimili kuzama kwa kina na muda alioutaja mtengenezaji, na kina hicho kinaweza kuwa mita chache tu. Mita 30 chini kuna shinikizo mara nne ya lile la juu ya maji. Tafuta kina kilichoandikwa kwa mita.

Na yale maneno ya kwenye risiti, "bidhaa ikishauzwa hairudishwi"? Kwa mtumiaji aliyeuziwa kitu kibovu hayana nguvu. Kifungu hichohicho cha 5 kinabatilisha sharti lolote linalojaribu kuondoa dhamana ya kisheria.

Kinachoweza kukuponza ni kukawia. Una haki ya kukikataa kitu kibovu na kurudishiwa pesa, lakini ukikaa nacho muda wa kutosha bila kusema neno, sheria huchukulia kuwa umekikubali. Hapo unabaki na haki ya kudai fidia tu. Wengi wanaingia mtego huu wakati wa kusi: bahari imechafuka, vituo vingi vya kuzamia vimefungwa, tochi iliyonunuliwa Mei inalala kabatini hadi Oktoba. Ijaribu siku ileile, hata kwenye ndoo ya maji, kisha kwenye mbizi fupi ya kwanza utakayoipata.

Ikiingia maji, usiichaji. Betri ya lithiamu iliyoguswa na maji ya chumvi inaweza kutoa gesi, kwa hiyo ifungulie nje, uso wako ukiwa mbali. Kabla ya kufuta chochote, piga picha: maji yaliyo ndani, na oringi, ule mpira wa duara unaozuia maji. Muuzaji atasema uliifunga tochi mpira ukiwa na mchanga, au ulipita kina kilichoruhusiwa. Kama ndivyo ulivyofanya, huna dai. Kama sivyo, picha ya mpira safi na kumbukumbu ya kina kutoka saa yako ya kuzamia vitakusemea. Usimpe fundi wa mtaani aifungue. Ushahidi utapotea mikononi mwake.

Kisha andika barua fupi. "Tarehe fulani nilinunua kwenu tochi hii, risiti namba fulani. Niliwaeleza ni ya kuzamia. Tarehe fulani iliingia maji katika kina cha mita 18, ilhali imeandikwa 100. Naikataa. Naomba mpya au pesa zangu ndani ya siku 14." Kupewa mpya kunategemea waranti au makubaliano yenu, kukikataa kitu na kurudishiwa pesa ndiko kunakotoka moja kwa moja kwenye sheria. Kwa maoni yangu, tochi iliyokwisha kuvuja usikubali itengenezwe. Nani ataiamini tena gizani?

Siku 14 zikipita kimya, nenda Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, hulazimiki kuwa na wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Kama muuzaji alikudanganya kuhusu waranti yenyewe, peleka malalamiko pia kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Aliyenunua Tanzania Bara apeleke kwa Tume ya Ushindani, FCC.

Nchini Kenya, dai la mkataba uliovunjwa lina muda wa miaka 6, kwa hiyo kuisha kwa kadi ya waranti ya mwaka mmoja hakufungi mlango, ingawa kadiri muda unavyokwenda ndivyo inavyokuwa vigumu kuthibitisha kwamba kasoro ilikuwepo tangu dukani. Andika barua wiki hii, na tochi hiyo usishuke nayo tena baharini.