Chembe Zizibazo Jeraha
Katika damu mna chembe za namna tatu: nyekundu, nyeupe, na chembe sahani, ndogo kupita zote, ambazo kazi yake ni kuziba jeraha. Katika milimita moja ya ujazo wa damu huwamo kati ya 150,000 na 450,000.

Kwa mwenye VVU huweza kupungua sana, pengine hata kabla hajajijua. Kinga ya mwili hukosea ikaziharibu, na virusi hudhuru uboho uzizaao. Ndipo fizi hutoka damu, na miguuni huonekana vidoadoa vyekundu visivyofifia vibonyezwapo. Kwetu Kawajense ni rahisi kuvidhania alama za mbu! Tena malaria nayo huzipunguza. Basi mgonjwa na apimwe yote mawili, wala asimeze aspirini bila idhini ya daktari. Dawa za kufubaza VVU, zitolewazo bure nchini tangu 2004, mara nyingi huziongeza tena.