Sifuri ya kweli na sifuri ya uongo

Ndugu msomaji, wapo vijana wetu wengi ambao kazi ya kwanza wanayoipata baada ya masomo ni ya kuhesabu. Wengine huhesabu watu, wengine mifugo, wengine nyumba. Mimi nilihesabu miti. Ni kazi za muda na za posho, na aghalabu hakuna anayemsimamia karani pale anapojaza fomu. Katika makala haya ningependa tujifunze jambo moja kutokana na kazi ya kutafuta mimea adimu katika misitu ya hifadhi, nalo ni namna ya kuandika sifuri.

Kwa nini miti ihesabiwe?

Misitu ya pwani yetu, hasa ile ya Kilwa na Lindi, imebaki vipande vipande. Ndani ya vipande hivyo imo miti isiyopatikana penginepo popote duniani. Mingi ya misitu hiyo ni mali ya umma. Ipo ya serikali kuu inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, ipo ya halmashauri, na ipo ya vijiji, kama inavyoelezwa katika Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Sasa mwenye mali atailindaje mali ambayo hajui ni kiasi gani?

Aidha, ipo orodha ya dunia nzima iitwayo Orodha Nyekundu, inayotayarishwa na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN. Kwa kipimo chake kimojawapo, aina ya mmea iliyobakiwa na mimea iliyokomaa isiyofika 50 huwekwa katika daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Na ili aina fulani itangazwe kuwa imetoweka, ni sharti itafutwe kikamilifu, mahali pake na kwa majira yake, mpaka pasibaki shaka. Utaona basi kwamba hukumu ya mti hutokana na karatasi alizojaza karani akiwa porini, shati limelowa jasho na siafu wanampanda miguuni.

Miti iliyodhaniwa imekufa

Tutazame mifano miwili. Kuna mti mrefu unaoitwa kitaalamu Karomia gigas, ambao kwa nasaba ni wa ukoo mmoja na mrehani tunaoupanda uani. Ulipatikana kwanza pwani ya Kenya mwaka 1977, na mti ule baadaye ukakatwa. Mwaka 1993 ukaonekana tena wilayani Kilwa. Kisha ukapotea machoni pa wataalamu mpaka wakahofu kwamba umekwisha. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaukuta tena Kilwa, katika kipande kidogo cha msitu.

Mwingine ni Erythrina schliebenii, wenye maua mekundu na miiba mikali shinani. Huu ulikusanywa Kusini mwa Tanzania katika miaka ya 1930, na mwaka 1998 ukaandikwa katika Orodha Nyekundu kuwa umetoweka. Mwaka 2001 ukaonekana ungali hai katika msitu wa Namatimbili, Kilwa. Baadaye ikahofiwa kwamba umefyekwa, na watafiti walewale wa mwaka 2011 wakaukuta ungalipo.

Miti hii haikufufuka. Ilikuwapo siku zote, ila watu walikuwa hawajafika pale ilipo.

Kazi yenyewe

Kikundi chetu kilikuwa na watu sita: kiongozi ambaye ni mtaalamu wa mimea, wapimaji wawili, askari wa misitu, mzee mmoja wa kijiji jirani, na mimi karani. Hifadhi ilikuwa mkoani Lindi. Utaratibu ulikuwa huu. Kwenye ramani huchorwa mistari iliyonyooka, na juu ya mistari hiyo huwekwa viwanja vya mita 20 kwa 20. Tunakifuata kiwanja kwa dira na GPS, tunakizungushia kamba, kisha tunatembea bega kwa bega tukitazama kila shina. Mti hupimwa unene wake mita 1.3 kutoka ardhini. Unaotiliwa shaka huchukuliwa tawi dogo lenye jani na ua au tunda, likabanwa kati ya magazeti makuukuu na kukaushwa. Bila shaka hata gazeti hili limewahi kufanya kazi hiyo. Mmea adimu haung'olewi hata siku moja, kwani hatukwenda kuumaliza.

Katika fomu kulikuwa na safu ya idadi, na pembeni nafasi ya kuandika sababu endapo kiwanja hakikupimwa.

Siku ya tisa mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kiwanja kimoja kilikuwa ng'ambo ya korongo, na korongo lilikuwa limejaa maji. Tuliokuwa tumetangulia, mimi na mpimaji mmoja, tulisimama ukingoni kwa muda. Mwenzangu akasema, "Hata tukivuka, kuna nini kule? Viwanja vinane tumetoka patupu." Sikumjibu. Nilitoa kalamu, nikaandika sifuri, tukageuza. Kiongozi, aliyekuwa mstari mwingine, alipoiona fomu jioni ile aliipitisha, kwani ilikuwa imejazwa vizuri.

Usiku, baada ya swala ya Isha, tulikuwa tumeuzunguka moto tukisubiri ugali. Yule mzee akaniuliza, "Mwanangu, kile cha ng'ambo ya korongo umekiandikaje?"

Nikamjibu, "Sifuri, mzee."

"Sifuri maana yake hakuna, au maana yake hamkwenda?"

Nilitazama chini. Mwenzangu akajitia kuchochea moto. Mzee hakupandisha sauti. Alisema tu, "Huo msitu ndio nilioachiwa na wazee wangu. Kesho akija mtu mwenye shoka na karatasi yako, akasema humu hamna kitu, nitambishia na nini?"

Ndugu msomaji, sikupata usingizi mwema usiku ule. Hakuna aliyenitukana wala aliyenitishia kazi. Lakini niliona wazi kwamba mzee yule, ambaye hajui kusoma fomu ile, alikuwa ameielewa kuliko mimi niliyelipwa kuijaza. Kabla ya alfajiri nilimwendea kiongozi nikamweleza. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Tutarudi. Chakula kitapungua, lakini tutarudi."

Tulipoteza siku nzima. Gari lililokuja kutuchukua lilitusubiri, na siku ile ya ziada haikuwa na posho. Wenzangu walinuna, na nilistahili. Maji yalikuwa yamepungua, tukavuka, tukafunga kamba, tukatembea kila hatua ya kiwanja kile.

Tulikuta nini? Hatukuona mti hata mmoja wa ile aina tuliyokuwa tukiitafuta. Nikaandika sifuri.

Najua msomaji alitarajia nimwambie kwamba tuliukuta mti umesimama pale ukitusubiri. Haikuwa hivyo. Tarakimu zilikuwa ni zilezile kwa jicho. Lakini sifuri ya kwanza ilikuwa uongo, na ya pili ilikuwa ushahidi. Na lau tungaliukuta mti, pengine ningejifunza tu kwamba uongo ni mbaya unapogundulika. Kurudi na sifuri ileile kulinifunza kwamba uongo ni uongo hata pale unapoafikiana na ukweli kwa bahati.

Mafunzo

Kwanza, tutenganishe maneno matatu: hatukufika, hatukuona, na hakuna. La kwanza si aibu, ni taarifa. Litamsaidia atakayekuja baada yetu kujua pa kuanzia. La pili ndilo tunaloweza kulishuhudia, nalo halina uzito mpaka liambatane na maelezo: mlikuwa wangapi, mlitafuta kwa saa ngapi, na mmea ulikuwa na maua au umepukutika. La tatu ni zito mno. Halisemwi na kikundi kimoja baada ya siku moja.

Pili, mwenyeji asikilizwe. Vikundi vingi humchukua mwanakijiji kuwa mtu wa kubeba mizigo na kuonyesha njia. Huyu ndiye atakayebaki na msitu sisi tukiondoka. Hata jina analoliita mti liandikwe, pamoja na matumizi yake.

Tatu, viongozi wasitengeneze mazingira ya uongo. Ukipanga viwanja vingi kwa siku chache, na ukamkaripia anayeleta fomu yenye nafasi tupu, umemfundisha karani kujaza sifuri. Ile nafasi ya kuandika sababu iliwekwa ili itumike.

Nne, anayekosea aseme mapema. Karatasi ikiwa ingali porini hurekebishwa kwa mwendo wa siku moja. Ikishaingia kwenye ripoti, na ripoti ikaingia kwenye uamuzi wa nani apewe ardhi, haifutiki kwa kalamu tena.

Na haya hayaishii msituni. Mganga anayejaza kipimo cha damu ambacho hakupima, mwalimu anayeweka alama za daftari ambalo hakusahihisha, karani wa dodoso anayejibia nyumba aliyokuta imefungwa, wote wamesimama ukingoni mwa korongo lile. Fomu ni amana. Wanaoitegemea hawakuwapo, na wengine, kama miti ile, hawana hata mdomo wa kukanusha.

Mzee yule tuliagana naye mwisho wa barabara ya kijiji. Nilimwambia, "Mzee, nimeandika kwamba tulivuka, tukatafuta, hatukuona." Akatikisa kichwa kuafiki. "Basi mwakani," akasema, "mje kabla ya mvua, mtafute tena."