Viazi Vilivyogeuka Kijani: Vyaliwa au Haviliwi?

Wenzangu wengi husema kwamba kiazi ni kiazi tu, na kwamba moto ukishapita hakuna sumu inayobaki. Wengine, hasa wale watokao nchi zisizolima viazi, wakiona chipukizi moja hutaka gunia zima litupwe shimoni. Makundi yote mawili yamekosea. Na kwa kuwa sisi tukaao milimani huku Kigezi twala viazi karibu kila siku, yafaa tulielewe jambo hili.

Kwanza ukoo wake. Waswahili husema viazi Ulaya, na majirani zetu wa Rwanda huviita ibirayi, jina ambalo nalo latokana na Ulaya. Lakini asili yake si Ulaya hata kidogo, ni milima ya Andes, huko Peru na Bolivia. Kiazi ni ndugu wa nyanya, biringani, tumbaku na mnavu. Mimea mingi ya ukoo huu hujilinda kwa sumu, maana mmea hauna miguu ya kumkimbia mdudu. Sumu za kiazi ni mbili hasa, solanini na chakonini. Zimo katika majani, katika maua, na katika vile vitunda vinavyofanana na nyanya changa, ambavyo watoto wasiachwe wavionje. Katika kiazi chenyewe, nyama ya ndani ina kidogo sana; nyingi hukaa gandani, kuzunguka macho, na kupita kote katika machipukizi.

Sasa, ukijani watoka wapi? Kiazi si mzizi, bali ni shina lililonenepa chini ya ardhi. Likipata mwanga hufanya kazi ya shina, yaani hutengeneza klorofili, ile rangi ya majani tuliyojifunza kidato cha kwanza. Klorofili haina madhara, twaila katika kila mboga. Ila mwanga uleule huongeza na sumu. Basi ukijani si sumu. Ni ishara kwamba kiazi kimekaa mwangani. Tena ishara hii haitoshi peke yake, kwa sababu kiazi kilichokatwa na jembe au kupondwa njiani huweza kuongeza sumu bila kubadilika rangi. Huko Marekani palikuwa na aina iitwayo Lenape, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1967. Ilikuwa nzuri sana kwa kukaangwa, lakini mwaka 1970 iliondolewa kwa sababu ya wingi wa solanini. Jicho lisingeitambua.

Kosa la kutegemea moto nadhani latoka kwenye muhogo. Wazee wetu walijua kwamba muhogo mchungu ukiloweshwa, ukavundikwa na kuanikwa, sumu yake hupungua hata ukalika. Ni maarifa makubwa, lakini ni ya muhogo. Solanini haivunjiki kwa joto la maji yachemkayo. Na hapa kwetu, karibu meta 2,000 juu ya bahari, maji huchemka kwenye digrii 93 hivi, hayafiki hata 100. Sehemu fulani hutoka ikaingia majini, kwa hiyo maji hayo yamwagwe, yasifanywe mchuzi. Kukaanga nako si dawa ya kutegemewa.

Wako watakaouliza, nani ameugua? Mwaka 1979 madaktari wa Uingereza walichapisha habari za wavulana 78 wa shule moja ya London waliougua baada ya kula viazi shuleni. Walitapika, wakaharisha, wakaumwa na tumbo, na 17 walilazwa hospitali. Wote walipona. Viazi vilivyoshukiwa vilikuwa vya gunia lililosalia tangu muhula uliotangulia. Nawaomba wenzetu wa zamani, hasa mlio walimu na mnaoangalia majiko ya shule, mfikirie maneno hayo ya mwisho: gunia lililosalia.

Tufanye hesabu. Kikomo kinachotumiwa mahali pengi ni miligramu 200 za sumu hizi katika kilo moja ya viazi. Wataalamu wa Ulaya walieleza mwaka 2020 kwamba madhara yaweza kuanza kwenye miligramu 1 kwa kila kilo ya mwili. Mwanafunzi wa kilo 60 akila gramu 300 za viazi vilivyo kwenye kikomo hicho, amefika. Mtoto wa kilo 15 hufika kwa gramu 75 tu, nazo ni kiazi kimoja kidogo. Viazi vyema huwa chini sana ya kikomo, hasa vikimenywa, kwa hiyo msiogope sahani zenu. Lakini yaonekana wazi kwa nini kiazi kilekile kinachomwacha kaka mzima humtapisha mdogo wake.

Basi kiazi kilichochipua kidogo, kikiwa bado kigumu na cheupe ndani, chaliwa. Vunja machipukizi, chimba macho kwa ncha ya kisu, menya ganda. Penye doa dogo la kijani, kata kwa unene mpaka ufike kwenye weupe. Kikiwa cha kijani pande nyingi, au kimenywea na machipukizi marefu, kitupe. Kikiwa kichungu mdomoni baada ya kupikwa, teme, wala usimpe nguruwe, kwani naye hudhurika. Na viazi vimenywe mchana. Kwenye taa hafifu ukijani hauonekani.

Kuzuia ni rahisi kuliko kukata. Shambani, pandishia udongo ili kiazi kisichungulie jua. Nyumbani, weka mahali penye giza, ubaridi na hewa. Viazi vilivyopangwa juani kando ya barabara siku nyingi, vitazame mara mbili kabla ya kulipa.

Mbegu ni habari nyingine. Mkulima huziweka kwa makusudi penye mwanga hafifu ili zitoe machipukizi mafupi, manene, yenye nguvu. Huo ni ufundi mzuri wa shamba, lakini mbegu hizo hazifai chunguni kabisa, na huenda zimetiwa dawa pia. Katika miezi ya njaa, kabla ya mavuno, mama mwenye watoto hutazama kapu la mbegu. Atakayekwenda likizo akakuta kapu hilo limekaa jikoni karibu na la chakula, amweleze mama sababu, kisha alihamishe.